Neno Nililokusingizia Juu ya Naliaka

Soweto East, Kibera
Jumapili, baada ya ibada

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu kwanza, kwa sababu yanayofuata hayatakufurahisha. Goti lako linaendeleaje? Yale mafuta ya kuchua niliyokutumia unayapaka, au bado yako kabatini yanangoja wageni pamoja na zile sahani za harusi yangu? Na ng'ombe ameshazaa? Mahindi yamefika magotini? Huku sisi tu wazima. Hizi ngazi za kupanda mpaka orofa ya nne zimenipa miguu ya askari, lakini silalamiki. Mkweo Barasa yuko na mjengo karibu na Nyayo Highrise na anarudi amejaa simiti mpaka kwenye kope. Mjukuu wako Naliaka ni mzima pia. Hilo la Naliaka kuwa mzima ndilo lililonikalisha hapa na kalamu.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Mama, ile simu si yako, ni ya Wanjala. Nikipiga, huyo kaka yangu anaiweka spika, na kabla sijamaliza kukusalimia nasikia majirani wote wakiniuliza bei ya unga Nairobi. Hili si la spika. Wewe mwenyewe ulinifundisha kusoma kwa Biblia yako ya Kiswahili, kidole chako kikitangulia neno kwa neno, kwa hiyo najua utaisoma barua hii bila msaada wa mtu. Elizabeth, binti ya shangazi, anasafiri Jumanne asubuhi kuja huko. Nimemwambia akupe mkononi, na Wanjala akinyoosha mikono ampe mkate.

Nina kosa, na nalitaja mapema nisije nikaingiwa na woga katikati ya ukurasa. Nilimwambia Barasa kwamba wewe umekubali Naliaka apelekwe kwa daktari akapimwe. Hukukubali. Ulikataa mara tatu, spikani, watu wakisikia. Mimi nikageuza.

Sasa nikuanzie mwanzo, maana kwenye simu hukunipa nafasi.

Unajua kazi yangu Kawangware ni kushona sare za shule, pale kibarazani na rafiki yangu Mama Brayo, kila mtu na cherehani yake. Mwanzo wa muhula nilimpunguzia Naliaka sketi kiunoni. Wiki sita baadaye ikawa inamzunguka tena. Mtoto wa miaka kumi, Mama, hupanuka. Nakula kwa sababu watoto wa watu wanapanuka. Wangu alikuwa anarudi nyuma. Nikachukua utepe nikampima, na inchi mbili nzima zilikuwa zimeondoka. Nikasema ni minyoo, nikampa dawa ya minyoo. Kumbe minyoo yenyewe ilikuwa na jina, inaitwa Mercy.

Siku hiyo alikuwa amesahau sweta, jambo ambalo si habari katika nyumba hii, nikampelekea shuleni saa ya chakula. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji. Msichana wa darasa lake alikuwa anakula kutoka kwa kile kibakuli cha bluu ninachompakia Naliaka kila asubuhi, githeri yangu, parachichi juu, anakula bila haraka. Naliaka alikuwa amepiga magoti, daftari juu ya jiwe, anaandika mbio.

"Naliaka, mbona huli?"

"Nimeshiba, Mum."

"Umeshiba nini?"

Ni yule mwenzake aliyejibu, mdomo umejaa, hana hata wasiwasi: "Ni yangu hiyo. Hunipea kila siku. Mimi namshow zenye ticha alisema, yeye ananipea githeri."

Nilisimama pale na sweta mkononi nikakosa wa kugombeza. Walikuwa wamepatana kama wanawake wawili sokoni, na kila mmoja alitimiza upande wake. Mwanangu amekuwa akinunua maneno ya mwalimu kwa chakula chake cha mchana tangu muhula uliopita. Kila jioni naosha kibakuli kitupu, namsifu kwa kumaliza chakula.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimuuliza kwa nini hamsikilizi mwalimu mwenyewe. Alikasirika. "Namsikia! Ticha akianza namsikia. Halafu inapita ndege ya Wilson Airport, naisikia hiyo pia. Halafu mtu anaburuta dawati. Halafu nikirudi kwa ticha, ashafika mbali." Kisha akaniuliza, "Mum, kwani vichwa vya wengine havichoki?"

Nikamwambia vinachoka.

Jioni hiyo akioga nikaona mkono wake. Pale panapofichwa na mkono wa nguo, kuanzia kwenye kifundo kwenda juu, amejifunga vipande vya vitambaa anavyookota sakafuni kwangu pale kibarazani. Nilidhani ni urembo. Nikamuuliza, akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni njia. Nyekundu ni kazi ya hesabu. Bluu ni sweta, ingawa hiyo siku ilikatika ndiyo sababu aliisahau. Kijani ni kuangalia kama jiko limezimwa kabla ya kutoka. Njano ni kurudisha daftari la Mercy. Kulikuwa na kimoja cheupe, kimefungwa kwa nguvu mpaka kimeacha alama kwenye ngozi.

"Na hiki?"

"Hicho ni changu tu," akasema, akavuta taulo.

Mama, mimi nilikuwa nikijisifu kwa huyu mtoto. Kadi yake ya ripoti naitembeza kibarazani kama bango la kampeni. Kumbe anajimudu hivi.

Nikaenda kwa mwalimu wake. Ni mama mzuri, simsemi vibaya, ana watoto hamsini na kitu na koo moja. Alinifungulia ripoti. "Mama Naliaka, angalia mwenyewe. Kiswahili anazidi matarajio. English anazidi. Wenye shida ni wale hawajui kusoma, na niko nao wengi. Wako ni wa kuota ndoto kidogo tu. Ukimpeleka aandikwe, hiyo karatasi itamfuata hadi sekondari. Fikiria vizuri."

Nikafikiria vizuri. Nilifikiria mpaka nikashona mfuko wa shati mgongoni.

Kuna nesi kwenye zahanati ya kanisa kule Sarang'ombe, ndiye niliyemweleza yote. Aliniambia linaweza kuwa tatizo la umakini, lina herufi nne za Kizungu, kwamba akili ya mtoto haikai pale inapowekwa, hata akitaka. Akasema si lazima awe mtundu wa kupanda meza. Wasichana wengine hukaa kimya, wanajikaza, wanapita mitihani, na wanachoka. Akasema pia inaweza kuwa silo, na ndiyo maana ya kupima. Daktari wa watoto huja hapo mara moja kwa muhula, na siku yake ni Alhamisi hii. Anataka wazazi wote wawili, kwa sababu maswali ni mengi na baba naye anaona yake. Tukikosa Alhamisi, ni mpaka muhula ujao, na Mercy aendelee kunenepa.

Nilimuuliza pia Mama Brayo, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye amekilalia. Mtoto wake alipimwa mwaka juzi, akakutwa nalo. Shule aliyokuwa wakati huo ikampeleka kwenye darasa la pembeni, kitengo maalum, na watoto wakamwita Kitengo. Mpaka leo mtaani kuna wanaomwita hivyo. Nilimuuliza kama angerudia. Alikata uzi kwa meno kwanza.

"Ningerudia. Lakini ile karatasi singeikimbiza shule. Ningejua kwanza wanataka kuifanyia nini." Halafu akaongeza bila kuniangalia, "Mimi nilimchapa Brayo mwaka mzima kwa kitu hakuwa na uwezo nacho. Kitengo inaniuma. Lakini hiyo ya kumchapa ndiyo inaniamsha usiku."

Kwa hiyo usidhani nimeona tu kitu Nairobi nikakirukia. Naogopa pande zote mbili. Naogopa kumpeleka, naogopa kumwacha, na katikati hakuna mahali pa kukaa.

Barasa alipinga palepale. "Wee Nasimiyu, mtoto anapita mtihani, unamtafutia ugonjwa wa nini?" Nikamweleza habari ya githeri. Akasema basi nitampakia mara mbili, yake na ya Mercy. Tulicheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. Ndipo akaniambia jambo ambalo katika miaka kumi na miwili sijawahi kulisikia. Shuleni kwao alikuwa na rafiki ambaye mwalimu alimwandika kwenye daftari kuwa ni mzito. Tangu siku hiyo kila alichokosea kilikuwa uzito, na alichopata ilikuwa bahati. Huyo rafiki sasa huchunga ng'ombe za watu. "Na alikuwa ananishinda hesabu," Barasa akasema. "Mtu akishaandikwa hafutiki. Mimi sitii saini."

Tukabishana siku tatu. Ndipo akasema, "Muulize mama. Mama akisema twende, tutaenda."

Unaona, Mama, ugumu wetu. Angekuwa mtu mwingine angechukua simu akuulize mwenyewe. Lakini wewe ni mama mkwe na yeye ni mkwe, na heshima hiyo mmeishika mpaka inaniumiza shingo kugeuka huku na huku. Ulipokuja kutibiwa macho ulilala Nyayo Highrise katika chumba cha Elizabeth kwa sababu huwezi kulala nyumbani kwa mkwe, na siku mlipokutana ngazini Barasa aligeukia ukuta akaukagua kama ndiye aliyeupaka lipu. Maneno yenu yote yanapita kwangu. Ya mahari yalipita kwangu mwishoni, ya ugonjwa yamepita kwangu, hata "mwambie asante kwa sukari" hupita kwangu. Kabla ya hili sikuwahi kuongeza wala kupunguza.

Nikakupigia, ukakataa. Ulisema, "Huyo hana ugonjwa. Huyo amechukua jina." Ukanikumbusha mbele ya wote waliokuwa hapo kwamba alilia siku tatu baada ya kuzaliwa, hataki ziwa, na kina mama wakamtajia majina ya waliotangulia, jina moja baada ya jingine, mpaka ulipotaja jina la mdogo wako, marehemu mama mdogo Naliaka, ndipo akanyamaza akashika ziwa. Ukasema, "Naliaka alikuwa hivyo hivyo, kichwa cha upepo, anaingia nyumba anasahau alichofuata. Na aliishi. Hakuna aliyempeleka kwa daktari. Mwacheni mtoto."

Asubuhi iliyofuata Barasa alikuwa anafunga kamba za viatu. Akauliza bila kuinua kichwa, "Mama amesemaje?"

"Amekubali."

Lilitoka jepesi, Mama. Sikulipanga. Nilifungua mdomo kusema ulichosema, na hicho ndicho kilichotoka. Akamaliza kufunga kamba, akasimama, akasema, "Kama mama amesema, basi." Tangu siku hiyo hajanipinga hata kidogo. Amemwomba msimamizi wake ruhusa ya Alhamisi.

Husemwa mjumbe hauawi. Lakini hiyo ni kwa mjumbe aliyefikisha. Aliyejitungia ujumbe sijui hufanywa nini.

Ningeweza kunyamaza. Alhamisi ingefika, tungeenda, na nyinyi wawili msingekutana kuulizana, kwa sababu hamkutani. Kosa hili lilikuwa salama kabisa. Lakini jana Barasa amerudi na mfuko. Amekununulia shali, ya rangi ya udongo, nzito, ya baridi ya asubuhi. Akasema, "Mpelekee mama kwa Elizabeth. Mwambie nimeona hekima yake. Mimi ningekosea." Alikuwa na furaha, Mama. Mtu anayegeukia ukuta akikuona alikuwa na furaha kwamba amekuelewa.

Shali iko hapa mezani, nimeikunja mara tano. Siwezi kuituma ikiwa na uongo wangu ndani. Kesho nitamwambia ukweli kabla sijafunga bahasha. Nitakuandikia kilichotokea.


Jumatatu jioni

Mama, nimemwambia.

Nilingoja arudi, nikamwekea maji ya kuosha miguu. Nilitaka awe ameketi. Nikasema, "Mama hakukubali. Nilikudanganya."

Aliendelea kuosha. "Alisema nini?"

"Alisema tumwache. Alisema ni jina."

Akajipangusa kidole kimoja kimoja. Barasa akikasirika hapazi sauti. Anakuwa nadhifu, na hapo ndipo namwogopa. Akasema, "Wiki mbili nimeamka nikijua nimemtii mkwe. Kumbe nilikuwa namtii nani?"

Nilisema pole. Nilisema nilikuwa na hofu ya muhula mwingine kupita. Akasema hofu hata yeye anayo, na hajatumia jina la mtu. Ana haki. Naandika hivi makusudi ili ujue kwamba yeye ana haki na mimi sina, usije ukanitetea kwa sababu ni mtoto wako.

Halafu akamwita Naliaka. Nilidhani atamwambia safari imekufa. Akamwambia, "Lete huo mkono." Akamkunja mkono wa sweta mwenyewe, kwa vile vidole vyake vya simiti, akauliza habari ya vile vitambaa kimoja kimoja. Naliaka akamtajia: hesabu, sweta, jiko, daftari la Mercy. Akafika kwenye cheupe.

"Na hii?"

Nilijua atamwambia ni chake tu. Lakini baba akiuliza kwa upole mtoto huyu hawezi kumnyima kitu.

"Hiyo ni ya kukumbuka kunyamaza," akasema. "Ndio nisiulize ticha kitu ashasema. Nikiuliza wanacheka. Hiyo ndio huwa nafunga kwanza."

Barasa akalijaribu lile fundo kwa kucha zake. Halafu akasema, "Hii tufungue."

"Nikifungua nitaongea."

"Ongea."

Fundo lilikuwa limekaza, ikabidi nilete makasi, na alama yake bado iko kwenye ngozi. Na kweli aliongea, Mama. Ugali ulipoa. Aliongea habari za ndege za Wilson na jinsi anavyozitambua kwa sauti, na kwa nini Mercy hana chakula chake mwenyewe, na kwamba yeye anadhani wenzake walifundishwa mahali fulani namna ya kusikiliza, siku ambayo yeye hakuja shule. Baba yake hakumkatiza hata mara moja.

Alipolala, Barasa akaniambia hivi, na nakunukulia kama alivyosema kwa sababu ndiyo kazi yangu ya mwisho ya ujumbe: "Sijui kama nitaenda Alhamisi. Nilisema mama akisema twende, tutaenda. Hilo sijalirudisha. Lakini nataka neno lake mwenyewe, kwa mkono wake. Si kwa mdomo wako." Nikamuuliza habari ya shali. "Mpelekee. Ni yake hata akikataa."

Hapo ndipo tulipo. Shali utakuwa umeshaipokea. Ikiwa umeivaa unaposoma, usiivue kwa kunikasirikia, maana si mimi niliyeinunua.

Sasa nina jambo moja la kukuambia wewe, Mama, na nalisema kwa heshima, ingawa najua halitasikika hivyo.

Ulisema Naliaka mkubwa alikuwa hivyo hivyo na aliishi. Nimekaa na neno hilo wiki mbili. Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la tano alipofariki, lakini nilikuwa na macho. Alirudishwa kutoka kwa waume wawili. Wa kwanza alisema anaunguza chakula, wa pili alisema hasikii anapoambiwa. Akawa analala kwetu jikoni. Watoto tulikuwa tukimtuma vitu vitatu kwa makusudi tuone kipi atasahau, tucheke, na mimi nilicheka zaidi ya wote. Wewe ulimpenda, najua. Lakini hata wewe ulikuwa ukimwambia, "Naliaka, kichwa umekiacha wapi leo?" na watu wazima wakacheka, na yeye alicheka pia. Alikuwa wa kwanza kucheka.

Alikuwa akifunga mafundo kwenye pembe za leso yake. Unakumbuka? Fundo la chumvi, fundo la mbuzi, fundo la dawa yako. Hakuna aliyemwambia Naliaka wangu habari hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau mpaka leo makasi yalipokata kile kitambaa cheupe. Kwa hiyo sikatai jina. Labda unasema kweli, labda ni yeye, alilia siku tatu akitaka tumtambue. Lakini Mama, kama ni yeye amerudi, amerudi ili tumfanyie nini? Tumfanyie yale yale?

Siku ya mazishi yake nilikuwa mlangoni ulipokuwa unakunja leso zake. Hukuniona. Ulikuwa unafungua mafundo, moja baada ya jingine, na yale yaliyokaza ukiyafungua kwa meno, na ulikuwa unalia, na kila ulipofungua moja ulisema, "Hili sijui lilikuwa la nini." Ulisema hivyo mpaka zikaisha.

Naomba uchukue karatasi hii ya mwisho niliyoiacha wazi. Mwandikie Barasa mwenyewe. Ndiyo, au hapana, neno moja linatosha, kwa mwandiko wako anaoujua kutoka kwenye kadi ya harusi. Mpe Wanjala aipige picha aitume kwa simu ya Barasa kabla ya Alhamisi. Hiyo spika yake haiwezi kuisoma karatasi kwa sauti. Usiniambie mimi kwanza. Usinipe nilibebe. Ukiandika hapana, nitalipokea, na sitakununia. Lakini Alhamisi nitakwenda na Naliaka hata peke yangu, tukae kwenye benchi la zahanati mpaka daktari atufukuze au atuonee huruma. Nakuambia leo ili usije ukasema nilikuficha mara ya pili.

Wasalimie wote. Msalimie Wanjala, mlinzi wa simu, na mke wake ambaye huvumilia kelele zake. Msalimie shangazi, mama yake Elizabeth, umwambie binti yake amenenepa na hataki kusikia. Msalimie mchungaji na kina mama wa kwaya, na yule mzee wa kusaga unga posho mill anayeniita Bi Nairobi. Goti upake mafuta, na sahani nazo uzitoe, uzilie chakula. Wageni wamechelewa mno.

Naliaka alipoona naandika alileta kitambaa cheusi kutoka kwenye mfuko wake wa vipande, akanifunga mkononi. Nikamuuliza ni cha nini. "Ni cha Alhamisi," akasema. "Na wewe unasahau, Mum." Nimekiacha. Nikikutazama kwa mbali namna hii nakuona na leso magotini, na sitaki siku moja nikae hivyo na vitambaa vya mtoto wangu, nivifungue vyote, na kila kimoja niseme sijui kilikuwa cha nini.

Mimi mwanao aliyekukosea, na anayekungoja,

Nasimiyu